Mwongozo Kamili wa Kuandika Hadithi ya Msichana Mfu Anayejifunza Kuishi na Mazimwi Waliojificha

Anayeandika hadithi ya msichana aliyekufa kisha akaamka miongoni mwa mazimwi wanaojificha kati ya watu hushawishika kuanza na kaburi linalopasuka, mwezi mpevu na mayowe. Mimi nilianza hivyo, na kurasa arobaini za rasimu yangu ya kwanza zilikuwa na kelele tele lakini hazikuwa na mtu ndani yake. Nilipozisoma tena nilitambua kwamba hadithi ya namna hii ni hadithi ya ugeni kabla ya kuwa hadithi ya kutisha: msichana amehamia katika nyumba ambayo hakufundishwa kanuni zake, amekuja na mwili ambao hajauzoea, na kila siku kuna gharama anayolipa ili asijulikane. Mwongozo huu unaifuata gharama hiyo hatua kwa hatua. Msichana wa mfano nitamwita Neema, naye alikuwa na umri wa miaka 19 siku alipokufa.

Hatua ya kwanza: Amua alikaa maiti kwa muda gani

Namna ya kifo ina uzito wake, lakini muda aliolala maiti ndio utakaoamua mwili atakaoishi nao, kwa hiyo usiuache hewani. Tiba ya uchunguzi wa maiti imetuandalia vifaa vya kutosha. Moyo ukisimama, mwili hupoa polepole, kwa makadirio ya nyuzi moja hivi ya Selsiasi kila saa, mpaka ulingane na joto la mahali ulipolazwa. Damu isiyosukumwa na kitu huteremka sehemu za chini na kuacha madoa ya rangi ya zambarau ambayo huanza kuonekana mapema, na yakishapita muda wa saa 8 hadi 12 hayahami tena hata mwili ukigeuzwa. Misuli nayo huanza kukakamaa kati ya saa 2 na 6 baada ya kifo, dalili zikionekana kwanza kwenye kope, taya na shingo, kisha ukakamavu huenea mwili mzima kufikia karibu saa 12 na kulegea tena baada ya siku moja na nusu au mbili. Chanzo cha kukakamaa huko ni kwamba seli zimeishiwa nishati inayohitajika kuachanisha nyuzi za misuli zilizokwisha kushikana. Joto la mahali na hali ya mwili hubadilisha nyakati hizi, kwa hiyo mwandishi anao uhuru wa kutosha wa kuzivuta huku na huku.

Sasa yageuze maarifa hayo yawe uamuzi. Neema akiamka baada ya saa 3, atakuwa amepoa kidogo na taya limeanza kuwa zito, na mtu wa kwanza kukutana naye anaweza kudhani alizimia tu. Akiamka baada ya saa 14 akiwa amelazwa chali, mgongo wake wote utakuwa wa zambarau isipokuwa mabaka yaliyopauka penye mabega na makalio, mahali ambapo uzito wa mwili uliibana damu isipite. Kwa kuwa damu yake haitazunguka tena, atabaki na alama hizo maisha yake yote, kama neno maisha bado linamfaa, na hatavaa tena nguo ya mgongo wazi. Mimi humchagua huyu wa pili, kwa sababu ana kitu cha kuficha hata akiwa amesimama kimya.

Achana na imani kwamba nywele na kucha huendelea kukua baada ya kifo. Hazikui, ngozi ndiyo inayokauka na kurudi nyuma, ndipo kucha zikaonekana kurefuka. Ukweli huu una manufaa zaidi kwako kuliko ule uzushi, maana ukucha wa Neema ukivunjika ndio basi. Msichana anayezilinda kucha kumi kama mtu anayelinda akiba ya mwisho, anayefungua makopo kwa kijiko na kuomba wengine wamkwanyulie stika, ameshamweleza msomaji hali yake bila mwandishi kutaja kifo hata mara moja.

Hatua ya pili: Tengeneza daftari la mwili

Chukua ukurasa, uugawe sehemu mbili, upande mmoja uandike kazi za mwili zilizokoma na upande wa pili zile zilizobaki, kisha usikiuke ulichokiandika. Msomaji atakubali kwamba msichana anatembea bila moyo kudunda, kwa kuwa hilo ndilo sharti aliloliridhia alipofungua hadithi. Hatakubali msichana ambaye katika sura ya pili hapumui na katika sura ya sita anahema kwa hofu.

Pumzi ndiyo mahali penye utajiri mkubwa kuliko pote. Sauti hutokea hewa inapopita kwenye nyuzi za sauti kooni. Basi asiyepumua hana hewa ya kusemea mpaka aivute kwa makusudi. Mtu mzima aliye hai akiwa ametulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika pasipo kufikiri, ilhali Neema atalazimika kukumbuka kila pumzi anayoihitaji kwa kila sentensi. Hebu tumtazame akiwa ameketi mbele ya mwenye nyumba, zimwi mzee ambaye vijana wote wa nyumba hiyo humwita Bibi.

"Bibi, samahani, nilikuwa naomba kuuliza kama kile chumba cha uani kina..."

Sauti ilikatika. Midomo ya Neema iliendelea kusogea, lakini hakukuwa na kitu kilichotoka.

"Vuta hewa, mjukuu wangu," Bibi akasema, bila kuinua macho kwenye sindano aliyokuwa akimshonea kiganja. "Vuta kwanza, ndipo useme. Na ukimaliza usisahau kuitoa. Walio hai huwa wanaitoa."

Mistari hiyo michache imefanya kazi ya kurasa mbili za maelezo. Imeonyesha kwamba hapumui, kwamba jeraha lake halitapona bali litashonwa, kwamba Bibi amewahi kuwafundisha wengine kabla yake, na kwamba upendo katika nyumba hii huja kwa sura ya masahihisho.

Kupepesa macho kunahitaji uangalifu huohuo, kwa kuwa mtu hupepesa karibu mara 15 kwa dakika, na anayekutazama bila kupepesa hukutia wasiwasi kabla hujajua ni kwa nini. Joto la mkono ni tatizo jingine: mwenzake ana nyuzi 37 ndani ya mwili, naye ana joto la chumba. Mpe ujanja wa kawaida usio wa kichawi, kwa mfano kikombe cha maji ya moto anachokishika dakika kadhaa kabla ya mtu kumpa mkono.

Swali ambalo waandishi wengi hulikimbia ni kuoza. Bakteria huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, yaani karibu kila mahali ambapo binadamu huishi. Unaweza kusema kwamba uchawi umezuia kuoza, na hutakuwa umekosea, ila utakuwa umeutupa mgogoro mzuri wa bure. Napendelea kuoza kuzuiliwe kwa kazi. Baridi hukuchelewesha, ndiyo maana ajira ya usiku katika ghala la baridi inamfaa Neema kuliko wenzake wote. Ukavu pia hukuzuia: Wamisri wa kale waliikausha miili kwa chumvi ya natroni, na kazi nzima ya kuitayarisha maiti ilichukua kama siku 70. Hapo ndipo chumvi inapoingia na mtego wake, kwa sababu katika masimulizi ya Haiti zombi anayeonja chumvi hukumbuka kwamba amekufa na kuondoka kurudi kaburini. Ukiziunganisha imani hizo mbili, Neema anajipaka kila usiku kitu kinachomhifadhi, akiwa amefumba midomo.

Hatua ya tatu: Mpe bwana, au mnyime, lakini amua

Neno unalolichagua litakusemea mengi. Ukimwita msukule, umekwisha kumpa bwana, kwa kuwa msukule ni mtu anayesadikiwa kwamba hakufa kifo cha kweli bali alichukuliwa na mchawi ili amtumikie. Zombi wa Haiti yuko katika kundi hilo. Imani yake ilikua katika nchi ambayo watu waliletwa kwa nguvu kutumikishwa mashambani na Wafaransa, na hofu iliyomo ndani yake ni hofu ya utumwa usiokoma hata kwa kifo. Kinyume chake ni mfu wa masimulizi ya kale ya Iceland, aitwaye draugr, ambaye ana nguvu kupita kiasi, huketi juu ya mali yake kaburini na hatumwi na mtu. Wachina nao wana jiangshi, maiti anayeruka kwa miguu yote miwili kwa sababu viungo vyake vimekakamaa, jambo linalotukumbusha ile misuli ya hatua ya kwanza.

Ukiwa na bwana, hadithi yako itavutwa kuelekea utoro. Usipokuwa naye, msomaji atauliza Neema aliamshwa na nini, na utadaiwa jibu. Kuna njia ya tatu ninayoipenda zaidi: bwana alikuwapo lakini ametoweka au amekufa, na kilichobaki ni amri yake. Kila siku saa tatu usiku mikono ya Neema hutafuta ufagio na kuanza kufagia sakafu ya nyumba ambayo si ile aliyoamriwa kuifagia, na hajui aliyemwamuru ni nani. Wenzake wamezoea, humwondolea viti njiani bila kukatiza mazungumzo.

Hatua ya nne: Jenga jamii iliyojificha kwa sababu ya maana

Mazimwi wenye nguvu nyingi hawana haja ya kujificha, kwa hiyo lazima wawe na jambo linalowatisha. Wawindaji wenye mishale ya fedha wamechosha. Historia ina watishaji wa kweli zaidi, nao ni majirani waliofiwa.

Mwaka 1725, katika kijiji kimoja cha Serbia kilichokuwa chini ya utawala wa Austria, wanakijiji walimfukua Peter Plogojowitz baada ya vifo vya watu kadhaa kufuatana, wakaukuta mwili ambao kwa macho yao haukuoza na wenye damu mdomoni, wakauchoma kigingi kisha wakauteketeza. Ofisa wa Austria aliyeshuhudia aliandika ripoti. Leo tunafahamu kwamba gesi za kuoza husukuma majimaji yenye rangi ya damu hadi mdomoni na puani. Visa vya namna hiyo viliendelea, hata mwaka 1755 Maria Theresa, mtawala wa Austria, baada ya kupata ripoti ya daktari wake Gerard van Swieten, akapiga marufuku kufukua na kuchoma maiti kwa sababu hizo.

Kisa kinachotufaa zaidi kilitokea Exeter, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani. Mercy Brown alifariki kwa kifua kikuu mwezi Januari 1892 akiwa na miaka 19. Mama yake na dada yake walikuwa wametangulia kwa ugonjwa huohuo, na kaka yake Edwin alikuwa mgonjwa. Mwezi Machi majirani walimshawishi baba mzazi akubali makaburi yafunguliwe. Miili ya wale wawili waliokufa zamani ilikuwa imekwisha, ila wa Mercy, ambao haukuwa na miezi mitatu na ulikuwa umekaa katika baridi kali, ulikuwa bado na damu moyoni. Moyo ulichomwa, majivu yakachanganywa na kinywaji, Edwin akanyweshwa kama dawa. Alifariki mwezi Mei. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1882, Robert Koch alikuwa amekwisha kutangaza bakteria anayesababisha kifua kikuu.

Tazama hakuna aliyekuwa mwovu katika kisa hicho. Watu waliolifungua sanduku la binti wa jirani yao walikuwa wakijaribu kumwokoa kaka yake. Jamii yako ya mazimwi iwe na kumbukumbu ya aina hiyo, na kanuni yake ya kwanza iwe kutokuwapo karibu na nyumba yenye msiba, hata pale ambapo moyo wa Neema unamvuta aende kutoa pole.

Baada ya sababu, jibu maswali ya kawaida ya kuendesha nyumba. Wanakula nini, na nani hukileta? Nani huamua mgogoro ukitokea? Picha ya kitambulisho iliyopigwa miaka kumi iliyopita haitofautiani na uso wa leo, sasa ofisini watasema nini? Hapa sikushauri uandike sana. Karatasi moja ya maelezo inakutosha wewe mwandishi, na msomaji aonjeshwe robo yake. Idadi ya wakazi nayo iwe ndogo, saba au wanane, kwa kuwa siri ya watu sitini si siri.

Methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha imebeba kanuni nzima ya nyumba ya namna hii. Watu huitaja kama faraja, lakini isikilizwe vizuri: haikuahidi kwamba hutaliwa. Neema atakapoanza kuwa salama mle ndani, itakuwa kwa sababu anajulikana, na kujulikana huko kutamgharimu kipande fulani. Kitafute kipande hicho mapema.

Hatua ya tano: Suluhisha suala la salamu

Kiswahili kinamlazimisha mwandishi kuamua nani mkubwa kabla mhusika hajafungua mdomo, na sijui kwa nini hatuitumii nafasi hii mara nyingi zaidi. Chukua mvulana mwenye sura ya miaka kumi na miwili ambaye amekuwa hivyo kwa miaka mia mbili. Je, Neema ampe shikamoo? Asipompa, ameikosea heshima nyumba nzima. Akimpa hadharani, mpita njia atageuza shingo kumtazama binti mzima anayemwamkia mtoto.

Mimi huwapa wakazi salamu mbili. Ndani umri huhesabiwa tangu kuzaliwa, na nje huhesabiwa kwa sura. Mlangoni ndipo mpaka ulipo, kwa hiyo mandhari ya kizingiti huwa na mvutano wa bure: Neema anaanza "Shika..." akiwa bado na mguu mmoja ndani, anakumbuka, anamalizia kwa kumshika mtoto begani. Mvulana humjibu jioni, wakiwa wamefunga mlango: "Marahaba, mwanangu. Ile ya asubuhi nimeipokea."

Umri wa Neema mwenyewe nao utaibua swali baada ya miaka michache. Mdogo wake aliye hai atamzidi. Siku mdogo huyo atakapotimiza miaka 20, hakuna haja ya maelezo. Taja tarehe tu.

Hatua ya sita: Panga siku thelathini za kwanza

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mazimwi pia waifuate desturi hiyo. Siku mbili za mwanzo Neema apewe kitanda ambacho hakihitaji na chakula ambacho hawezi kukimeng'enya, kwa sababu wenyeji hawajajua bado ni mfu wa aina gani. Siku ya tatu apewe kazi, na kazi hiyo itokane moja kwa moja na daftari la mwili. Asiyelala anafaa zamu ya usiku. Asiyepumua anaweza kushuka katika tangi lenye hewa chafu ambalo hata zimwi wa miaka mia nne angezimia ndani yake. Fanya hivi kwa makusudi: upungufu ambao Neema amekuwa akiuonea haya uwe, kwa mara ya kwanza, ndio sababu ya yeye kuitwa kwa jina.

Kati ya siku ya nane na ya kumi na mbili afanye kosa, tena dogo. Amwangalie mtoto wa jirani bila kupepesa, mtoto akamwambie mama yake. Adhabu isimwangukie peke yake. Iwaangukie wote, labda kwa kulazimika kuhama au kuvunja urafiki wa miaka mingi na jirani huyo. Baada ya hapo siku zinaweza kupita kwa aya moja moja mpaka ya thelathini, ambapo atachagua kama anabaki. Asiulizwe kwa hotuba. Bibi amkabidhi ufunguo, au aache kumshonea na kumpa sindano.

Hatua ya saba: Waliobaki wakimlilia

Kishawishi cha kumkutanisha na mama yake mapema ni kikubwa, nami nakuomba ukizuie hadi theluthi ya mwisho. Kabla ya hapo tumia vitu. Maiti haulizwi sanda, wala haulizwi nguo zake zigawiwe nani. Neema akiwa kwenye foleni aione gauni lake la kijani mgongoni mwa binamu yake, likiwa limepunguzwa kiunoni na kushonwa upya kwa uzi wa rangi isiyolingana kabisa, na ajikute akikasirika kwa sababu ya uzi. Hasira hiyo ndogo ni ya kweli kuliko kilio, hasa kwa mtu ambaye tezi zake za machozi ziko kwenye safu ya vilivyokoma.

Wakikutana hatimaye, rudi katika hatua ya nne na umkumbuke baba yake Mercy Brown. Mama huyu ni yule yule mtu mwema mwenye msiba ambaye nyumba nzima inamwogopa.

Hatua ya nane: Pitia rasimu kwa masikio

Kagua mambo ya kawaida kwa haraka: hakuna palipoandikwa kwamba Neema aliona haya usoni, moyo ulimwenda mbio, alitoa jasho au alishusha pumzi ndefu bila kuwa ameivuta kwanza. Semi za Kiswahili zitakusaliti hapa, kwa kuwa hisia zetu nyingi zimewekwa moyoni na kwenye damu; badilisha kila moja, au mwache Neema aitumie kisha ajisahihishe.

Halafu soma kwa sauti mazungumzo yake yote, na yake tu. Kila sentensi isome kwa pumzi moja, bila kuongeza hewa katikati. Pale pumzi yako inapokwisha, weka nukta tatu, ufute maneno yaliyobaki, na umwandikie mtu mwingine aliyemo chumbani namna atakavyomngojea.